Wimbo wa Kumpokea Mgeni

Watoto walisimama kwa kishindo. "Shikamoo, mgeni!"

Vumbi kutoka ukutani likamwagikia bega la Bi Ndimbo, Afisa Elimu wa wilaya, aliyeidhinisha mwenyewe darasa hili litumike. Alikivuta kitambaa cha "Karibu" kilichobandikwa ukutani. Nyuma yake palikuwa na ufa wa kumeza kiganja.

"Tuliuficha usikuharibie ziara, mama," mwalimu mkuu alinong'ona.

Bi Ndimbo aliwatazama watoto. Akipiga kelele, watakimbia wote kwa pamoja, na kishindo chao kitauangusha ukuta.

"Tokeni mmoja mmoja, wanangu. Polepole," alisema akijitahidi kutabasamu.

Wa kwanza walikuwa wamefika mlangoni. Upande wa pili wa ukuta, darasa jirani, lililochoka kusubiri zamu yake ya kumpokea mgeni, lilianza kuimba. Kisha likaanza kupiga miguu chini.