Mtani wa Jumamosi

Tangu nchi mbili zile ziwekeane mkataba wa ulinzi, kila askari wa ng'ambo alipewa nyumba moja ya huku mpakani, wawe watani. Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi: mtani atakutukana, atafunua vyungu vyako, atajichukulia kuku, nawe utacheka; utani ukikoma, mkataba nao umevunjika. Kisanduku kilichopigiliwa ukutani kilihesabu vicheko na kuvipeleka kwa wakuu wa majeshi yote mawili.

Nyamizi alimpata Koplo Chanda, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko wote. Kila Jumamosi mchana aliingia moja kwa moja hadi jikoni.

"Bado hamjafa na huo ugali wenu mgumu?"

"Na hayo masikio yako," Nyamizi alimrudishia, "jeshi lenu linayatumia kama rada?"

Mumewe alicheka mpaka akamwaga chai, na kisanduku kikawaka taa ya kijani.

Jumamosi hii mtu alibisha hodi.

"Shikamoo, mama," alisema Chanda. Alikuwa amevua viatu mlangoni.

Nyamizi alisahau hata kuitikia. "Ingia, we masikio!" alisema, akicheka peke yake. "Kuku wako huyu, nimeshamfunga miguu."

"Asante sana, mama. Msijisumbue."

Alikunywa maji, akaulizia afya za watoto. Alipoaga, aliushika mkono wa Nyamizi kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia upesi.

Nyamizi alimfungua kuku kamba, taratibu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Kabula, shusha masanduku ya nguo. Tunaondoka leo."