Aliyemshtaki Tabibu Haverkamp

Orville Haverkamp aliipiga ngumi dashibodi ya gari hadi kahawa ikaruka kikombeni.

"Mwoga," akasema. "Mwoga asiye na jina."

Doreen, binti yake, alikaza macho barabarani. Ndiye aliyekuwa akiendesha. Walikuwa wamefika njia panda, mahindi yamesimama pande zote mbili, marefu kuliko kimo cha gari.

"Baba, kushoto hakuna gari?"

"Una macho ya nini wewe? Hakuna. Nenda."

Akakanyaga mafuta, na mzee akaendelea kufoka. Tangu Bodi ya matabibu ya jimbo imwarifu kwamba kuna mgonjwa aliyeumizwa shingo mikononi mwake, na kwamba jina la mgonjwa huyo halitatajwa hadi siku ya kusikilizwa kwa shauri, hakuwa amepata usingizi wa maana. Yeye, aliyenyoosha migongo ya nusu ya wakulima wa Iowa mashariki! Walioangushwa na farasi, waliolaliwa na ng'ombe, wote walibebwa mlangoni kwake wakaondoka kwa miguu yao. Leo vijana waliosoma juzi walikuwa tayari kumpokonya leseni kabla ya chakula cha mchana.

Lawama zote alimtupia Vosburg, kijana aliyefungua kliniki ng'ambo ya barabara.

"Hajui hata kushika shingo. Anaibonyezabonyeza kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni."

Doreen alianza kucheka, kisha akakunja uso.

"Na kama huyo mtu aliumia kweli, Baba?"

"Angeniambia. Mtu akiumia si anasema?"

"Labda alisema."

"Basi nilimjibu kama ninavyowajibu wote: maumivu ni mifupa inarudi mahali pake. Watu wa siku hizi wepesi wa kulia. Wewe nimekunyoosha tangu uko kwenye nepi, kila Jumapili kabla ya kanisa. Umewahi kunipeleka mbele ya Bodi?"

Doreen aliubana usukani. Kwa kweli tangu Pasaka hizo Jumapili zilikuwa zimekatika. Mara keki iko kwenye oveni, mara kwaya imemwita mapema. Orville hakuwa amelitia hilo moyoni. Watoto wakikua huwa na mambo yao.

Aliinua kikombe anywe kilichobaki. Kikombe kikamgongagonga meno.

"Barabara za jimbo hili mbovu," akanung'unika.

Gari lilikuwa limeshasimama.

Doreen alikuwa ameliegesha mwisho kabisa wa uwanja, mahali ambapo wakati wa kutoka angekwenda mbele tu, bila kurudi nyuma. Mzee akalalamika njia nzima hadi mlangoni kwamba anatembezwa kama mbuzi wa mnada.

Lakini ndani ya ukumbi alitulia kidogo, maana huko kulikuwa na watu wa kutazama. Mlinzi wa mlangoni, nyonga ya kushoto imepanda. Mwanasheria wa Bodi, mtu wa kukalia pochi mfuko wa nyuma, kiuno kimekwenda upande. Mwenyekiti, mama wa makamo, bega moja limelemewa na mkoba wa miaka mingi. Aliwasoma wote kabla hawajaketi.

"Mgongo haujawahi kunificha kitu," alimnong'oneza Doreen. "Huyo mwoga akiingia tu, mwendo wake utaniambia kama ni mwongo."

Mwenyekiti akasoma shtaka. Kisha akaomba mlalamikaji asogee mbele.

Orville akageukia mlango. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa yakimwasha ulimini. Akangoja. Mlango haukufunguka, na yule mlinzi wala hakuwa akiutazama. Alikuwa akitazama kiti kilichokuwa kando ya mzee.

Kiti hicho kikalia.

"Nilikuambia inauma, Baba," Doreen akasema, amesimama, macho mbele.

Karani akamwita kutoka upande wa kushoto aje ale kiapo. Doreen akageuka kumwangalia: miguu, kiuno, mabega, kichwa, vyote kwa pamoja, kama mlango kwenye bawaba zake.