Geti la Uwanja

"Pandeni ukuta! Wapinzani wamemwaga dawa getini," Mzee Kilindo, mwenyekiti wa klabu, aliwaamuru wachezaji.

Kocha Fergal, Mwairishi aliyecheza mpira kwao hadi magoti yakachakaa, akatema mate. "Wiki nzima nawafundisha pasi, leo mnaparamia ukuta kama wezi wa kuku?"

"Mzungu, kama ni goti tutakusukuma. Ila ukipita getini, kazi huna."

"Basi sina!"

Akalipiga geti teke, akaingia peke yake mpaka katikati ya uwanja, akageuka. "Nani amekuja kucheza mpira?" alifoka.

Juu ya ukuta wachezaji kumi na mmoja walikuwa wamekaa, mguu mmoja nje, mmoja ndani, wakimtazama yeye, wakimtazama mzee.