Ng'ombe wa Mama Anyesi

Mama Anyesi alimkumbatia ng'ombe wake shingoni, akasema atakayemchinja aanze na yeye.

Watu walimwonea huruma. Ndiyo kwanza wametoka kumzika mkwewe, Joyness, na huyu ng'ombe hajawahi kukanyaga nje ya banda. Majani alimkatia yeye, chumvi alimlambisha yeye, mtu mwingine haruhusiwi. Lakini sasa ng'ombe alikuwa amekonda, tumbo limevimba, hacheui. Bwana mifugo alishasema kameza mfuko wa nailoni.

"Basi utaoza humo humo," Mama Anyesi alimjibu.

"Nailoni haiozi, mama."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri, maskini.

Mwanawe Onesphory hakuwa na nguvu ya kubishana. Mwaka jana alipimisha kihamba chao, shamba la urithi, hapa Marangu, akaandikisha hati kwa jina lake na la mkewe. Mama akanuna. Haikupita wiki, hati ikatoweka chumbani. Ukoo una midomo jamani: wakamnyooshea Joyness kidole, eti mwizi, anataka kuuza ardhi ya wazee. Wakamfukuza mvua ikinyesha. Amefia kwenye chumba cha kupanga Kiboriloni, kwa kichomi, akiapa kwamba hajaigusa.

Na juzi ukoo huo huo ukakataa azikwe kihambani. Mwizi halazwi na wazee wetu, walisema. Onesphory alipiga magoti mbele yao, mtu mzima na ndevu zake. Wakamwambia alete hati kwanza. Basi Joyness kazikwa makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua.

Sasa waombolezaji walitaka kula. Mzee Melkior, mkubwa wa ukoo, akaamua ng'ombe achinjwe kabla hajafa kibudu. Wakamshika Mama Anyesi mikono, kisu kikapita.

Tumbo lilipopasuliwa, Melkior akavuta furushi la nailoni ya bluu, limefungwa mafundo matatu. Akalikata. Ndani mlikuwa na karatasi, kavu kabisa, mhuri haujafifia. Onesphory akasoma jina lake, kisha la mkewe.

Mama Anyesi alikuwa ameukodolea macho ule mfuko.

"Mwaka mzima," akanong'ona, "na bado haujaoza?"