Dole Gumba la Mama Mbonea

Unageuza uso, wewe unayesoma. Uliugeuza hata walipochukuliwa kwenda kazi ng'ambo wale vijana kumi na wanne wa Usangi, nami majina yao ninayo yote kichwani.

Barua ya mpwa wangu Mbonea ilifika jana kwenye simu, kwa sauti yake. Sheria unaijua: mzazi akiweka dole gumba kuthibitisha kwamba huyo ni mwanawe, pesa inatoka. Akikataa, pesa inakatika, na kampuni iliyomwajiri huko ng'ambo lazima imlete mbele ya watu.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Nawatumia laki nne. Nimeyakumbuka sana makande."

Dada yangu, mama yake, akacheka.

"Makande! Si alikuwa akiwamwagia kuku? Baba Mbonea, mtoto huyu kila barua alikuwa anatuomba hela. 'Mzee, uza mbuzi, nimekwama.' Tangu Pasaka haombi."

"Amekua, mke wangu. Si uliomba apate akili?"

"Niliomba apate akili. Sikuomba aletwe mwingine mwenye sauti yake."

"Basi kataa."

Dada aliitazama simu mpaka chai ikapoa.

"Nikikataa wakashindwa kumleta," alisema, "nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu."

Akaweka dole. Laki nne zikaingia. Nami nilikuwa nimekaa palepale, na sikumshika mkono.

Na wewe una mwana huko, na barua yake haijafika mwezi huu. Ikifika leo, usiweke dole. Kataa, utoke uwanjani upaze sauti: mleteni!