Bangili ya Mbeba Fimbo

Uvumi niliusikia saluni, nikashindwa kuutoa kichwani: eti zile bangili zinasoma hata wivu wa ndugu wa damu.

Siku hizi Mchezaji Bora wa Msimu wa gofu hapigiwi kura. Kila aingiaye uwanjani, mchezaji au mbeba fimbo, huvaa bangili inayopima wivu. Anayeonewa wivu kuliko wote ndiye hupewa kikombe. Mwanangu Godlisten alikitaka mno. Fimbo zake hubebwa na mdogo wake, Anaeli, ambaye utotoni ndiye alikuwa anamshinda kaka yake kwenye gofu.

Jana kikombe kilikuwa mezani kwangu, katikati ya ndizi na nyama choma.

"Dogo, nimewaumiza roho ligi nzima!" Godlisten alicheka.

"Hongera, kaka," Anaeli alijibu huku akimkatia nyama.

Simu yake ikalia. Godlisten akausoma kwa sauti ujumbe wa chama cha gofu: "Pongezi. Wivu uliokupa ushindi umetoka karibu wote kwenye bangili moja, ya mbeba fimbo wako."

Nikaacha kutafuna. Anaeli akashusha mkono wa shati, akaifunika bangili.

"Msimu ujao nikubebee tena, kaka?"

Godlisten alikitazama kikombe, wala hakumtazama mwenzake. "Lazima, dogo. Bila wewe sipati."

Kina mama wenzangu, epukeni haya:

Kumnunulia mmoja fimbo na mwingine kumpa mkoba wa kuzibebea.
Kumsifia mmoja wakati mwingine anaosha vyombo.
Kuweka kikombe mezani.
Kuacha kisu cha nyama karibu nacho.