Mfereji wa Nyuma ya Jiko

Tangu mvua zote za Upareni zikabidhiwe Mchoraji, hakuna tone linaloanguka bila kupangiwa njia, wala udongo unaohama pale ulipo. Mchoraji ni programu tu, lakini ana adabu zake.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ukutani.

"Marahaba. Leo nina ombi," Namkunda alijibu. "Ule mfereji aliouchimba marehemu mume wangu nyuma ya jiko, upitishie maji. Mara moja tu."

"Haya, mama."

Mvua ya vuli iliposhuka, maji yakaja kweli, yakakata kona pale pale penye mgomba. Namkunda akatoka pekupeku, akicheka peke yake. Enzi zile yalikuwa mekundu, yakivuma, na binti yake Nakijwa akishindanisha mashua za maganda ya mgomba mpaka tope limfike magotini. Akikimbilia ndani, mama mtu humfokea: "Simama hapo hapo! Nimedeki sasa hivi!"

Ya leo yalikuwa meupe kama ya kunywa. Hata hivyo alibandua ganda, akalikunja likawa mashua, akaliachia. Lilipofika konani, chujio la Mchoraji liliinuka toka chini ya maji likalinasa.

"Taka imeondolewa, mama," sauti ilisema, na mfereji ukakauka.

Namkunda akageuka aingie ndani. Mlango, ambao nao huendeshwa na Mchoraji, haukufunguka.

"Simama hapo hapo, mama. Una udongo miguuni."

Akasimama, mvua ikimlowesha, akimfikiria Nakijwa. Alivyomfokea alikumbuka vizuri. Kama aliwahi kumfungulia mlango, hakukumbuka.